Mwongozo kamili: kumpeleka mtoto Uwanja wa Jamhuri bila kuondoka kabla ya mapumziko

Kila timu kubwa ya Dar ikishacheza hapa Dodoma, kesho yake simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Dada, tulimpeleka mtoto Jamhuri, tumetoka dakika ya ishirini." Mwingine hakufika hata dakika ya ishirini, aliishia getini.

Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka mitano. Tulifika zimebaki dakika ishirini na tano mpira uanze, watu wamejazana getini, tukasukumwa huku na huku, kiatu kimoja cha mtoto kikabaki chini ya miguu ya watu. Kipenga kikapulizwa ndani sisi tuko nje. Akaniangalia akasema, "Mama, twende nyumbani." Kipindi cha kwanza nikakisikiliza kwenye redio ya bajaji tukiwa njiani.

Tangu hapo nimekwenda na watoto wangu wawili mara nyingi, na ninaowasikiliza wakilalamika wamekosea palepale nilipokosea mimi: mzazi kapanga safari ya shabiki, kisha kamchukua mtoto kama anavyochukua kofia. Saa ya mtoto na saa ya shabiki haziendi pamoja. Hatua zote hapa chini zinafuata saa ya mtoto.

## Vitu vya kuandaa

Weka mezani usiku wa kuamkia mechi:

- Tiketi zenu. Zisiwe za kutafutwa siku yenyewe.
- Kofia ya mtoto yenye rangi isiyofanana na jezi za siku hiyo. Sababu utaiona hatua ya nne.
- Maka peni nyeusi, ile isiyofutika kwa maji.
- Kanga iliyokunjwa au kipande cha boksi cha kukalia. Zege la mzunguko, yale majukwaa ya wazi yasiyo na paa, likichomwa na jua tangu asubuhi huwa kikaango.
- Sweta. Ndiyo, hapahapa Dodoma. Juni na Julai jua likianza kushuka upepo unageuka kabisa.
- Koti la mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mwavuli uache nyumbani: unawazibia walio nyuma, na ncha yake inaweza kukukwamisha kwenye ukaguzi.
- Tishu, kipande cha sabuni, na suruali ya akiba kwa aliye chini ya miaka saba.
- Hela ndogondogo. Muuza karanga hana chenji ya elfu kumi, na akienda kuitafuta goli linaingia.
- Simu yenye chaji ya kutosha.
- Vikinga masikio, vile vya kufunika sikio zima wanavyovaa mafundi wa mashine. Maduka ya vifaa vya ujenzi wanavyo. Pamba ya kutia sikioni haisaidii sana, nimejaribu.

Usibebe chupa ya glasi wala kitu chenye ncha, kisu cha kumenyea machungwa kikiwemo. Hata chupa ya plastiki inaweza kuzuiwa, kwa sababu watu huzirusha uwanjani. Mpe mtoto maji ya kutosha kabla ya geti, ndani utanunua mengine.

## Hatua ya 1: Chagua mechi ya mtoto

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na hakuna hatua nyingine itakayowaokoa.

Ligi Kuu ina timu 16. Maana yake Dodoma Jiji ina mechi 15 za nyumbani kwa msimu. Katika hizo, Yanga anakuja mara moja, Simba mara moja. Zilizobaki 13 uwanja una nafasi, geti halina vita, na mtoto anaweza kusimama akaona bila kubebwa. Lakini wazazi tunazidharau hizo 13, tunasubiri ileile moja ambayo mji mzima umeisubiri, na mabasi kutoka Singida, Manyoni, Kondoa na Mpwapwa yameisubiri pia. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar hadi Dodoma Julai 2024, mashabiki wa Dar nao wanafika kwa saa chache tu, wamevaa jezi tangu stesheni.

Kwa hiyo mechi ya kwanza ya mtoto iwe ya Walima Zabibu, ndio hao Dodoma Jiji, na timu isiyo na kelele. Kama mtoto ni mwoga wa watu, anza chini zaidi: mechi ya ndondo mtaani kwenu, au mashindano ya shule za msingi ya UMITASHUMTA yakifika karibu. Huko hakuna kiingilio cha kukuuma, na mkiondoka dakika ya kumi hakuna kilichopotea.

Kuhusu umri nitasema wazi, najua wengine hawatapenda. Chini ya miaka mitatu, mwache nyumbani. Miaka mitatu hadi mitano, mpeleke mechi tulivu tu na ukubali kwamba wewe mpira hutauona. Kuanzia miaka sita hivi ndipo mnaanza kuangalia pamoja. Mechi ya Yanga au Simba isubiri mpaka awe ameshakwenda mara tatu nyingine bila kulia.

Angalia pia saa. Mechi ikianza saa 10:00 jioni, weka dakika 45, mapumziko 15, dakika 45 nyingine na zile za nyongeza: inaisha karibu saa 12 kasoro dakika chache. Giza hapa Dodoma huingia kati ya saa 12:30 na saa 1. Una kama nusu saa ya mwanga wa kutoka na kupata usafiri. Inayoanza saa 8 mchana ina mwanga tele, lakini jua lake si la mchezo, na mtoto atakaa nalo saa mbili. Mimi huchagua ya saa 10.

Utajua hatua hii imekaa sawa ukiwaambia marafiki mechi unayokwenda nao wakauliza, "Hiyo nayo unaiendea?"

## Hatua ya 2: Tiketi, na upande wa kukaa

Subiri tangazo la viingilio la klabu mwenyeji, siku chache kabla. Soma mambo matatu: bei ya kila jukwaa, tiketi zinauzwa wapi na kwa njia gani, na watoto wamewekwaje. Usidhani mtoto anaingia bure kwa sababu mwaka jana aliingia bure. Kama tangazo halikutaja watoto, muulize muuzaji mwenyewe kabla hujalipa. Ugomvi wa "huyu ni mdogo" ukiufanyia getini, anayeumia ni mtoto aliyesimama kati yenu.

Usinunue tiketi mkononi mwa mtu nje ya uwanja, hata akiwa na lugha tamu kiasi gani. Tiketi feki inagundulika pale kwenye geti, na kurudi nyuma na mtoto huku watu wanasukuma kuja mbele ni hatari kuliko hasara ya hela.

Jukwaa gani? Yanga au Simba wakija viingilio hupanda, lakini kwa mechi ya kawaida tofauti ya mzunguko na jukwaa kuu si kubwa kiasi cha kuogopesha, na jukwaa kuu lina paa. Kwa mtoto paa hilo ni sawa na nusu ya safari. Kama mfuko unasema mzunguko, basi mzunguko, ila chagua mahali ambapo jua la saa kumi, linalotoka magharibi, litawapiga mgongoni. Likiwapiga usoni mtoto atafumba macho mechi nzima kisha akwambie kichwa kinauma.

## Hatua ya 3: Mwandae mtoto nyumbani

Mtoto wa siku hizi ameujua mpira kwenye Azam TV. Uwanjani hakuna mtangazaji, na hakuna marudio. Wangu wa pili, goli la kwanza kuliona kwa macho yake, alikuwa ameinama anamenya karanga. Watu wakalipuka. Akainua kichwa akaniambia, "Mama, waambie warudie." Nilicheka, lakini yeye alilia kweli.

Mwambie mapema: ukikosa, umekosa. Mwambie wachezaji wataonekana wadogo, kelele zitakuja ghafla, na watu wazima watapiga kelele bila kuwa na hasira. Hili la mwisho lina uzito. Mtoto akimwona mtu mzima anafoka, kwake yeye ni ugomvi.

Mfundishe maana ya kuotea (offside) kabla ya siku, maana ndicho kitakachowachanganya. Mimi hutumia vifuniko vya soda mezani: viwili vya beki, kimoja cha kipa, kimoja cha mshambuliaji, na punje ya maharage ndiyo mpira. Sogeza mshambuliaji nyuma ya beki wa mwisho, piga punje, kisha inua uma kama kibendera. Mara tatu tu anaelewa. Uwanjani sasa atamwangalia mshika kibendera badala ya kukuuliza kila dakika kwa nini goli limekataliwa.

## Hatua ya 4: Mtie alama mtoto

Hii naomba usiiruke, hata kwa mechi ndogo.

Andika namba yako ya simu kwenye mkono wake, sehemu ya ndani juu kidogo ya kifundo. Tumia maka peni. Mara ya kwanza niliandika kwa peni ya kawaida, na kufika mapumziko jasho lilikuwa limeshaila, imebaki sifuri saba na doa la bluu. Andika pia upande wa ndani wa pindo la jezi. Mahali pawili, kwa sababu jezi inaweza kuvuliwa na mkono unaweza kunawa.

Kisha mfundishe majina yako mawili. Mtoto akipotea ataulizwa, "Mama yako anaitwa nani?" Naye atajibu, "Mama Jose." Wakitangaza Mama Jose watainuka wanawake ishirini. Baba naye hivyohivyo: watoto wengi wanajua baba anaitwa Baba, basi. Ajue jina lako na la babu yake, na ajue mnakaa wapi: Nkuhungu, Ilazo, Chang'ombe, popote.

Kofia sasa. Ukimwambia askari "amevaa jezi ya njano" siku ya Yanga, au "nyekundu" siku ya Simba, umemwelekeza kwa nusu ya uwanja. Kofia ya zambarau inaonekana toka mbali. Na kabla ya geti mpige picha, mzima, kuanzia kofia hadi viatu. Mzazi aliyeshtuka hakumbuki mtoto alivaa nini, lakini simu inakumbuka.

Umefanikiwa ikiwa mtoto anaweza kumjibu mgeni maswali mawili bila kukutazama: mzazi wako ni nani, na namba yake iko wapi.

## Hatua ya 5: Chakula, choo, na muda wa kuondoka

Ale chakula kizito saa mbili kabla ya mechi, sio getini. Mtoto mwenye njaa uwanjani atataka kila kinachopita: ubuyu, miwa, karanga, lambalamba, sambusa, na kwa mpangilio huo tumbo litawarudisha nyumbani. Mpangie: kitu kimoja kipindi cha kwanza, kimoja mapumziko. Mwambie nyumbani, mkiwa mmetulia, maana uwanjani hakuna mazungumzo ya maana mbele ya muuza lambalamba.

Choo kiwe nyumbani, dakika ya mwisho kabla ya kufunga mlango.

Muda wa kufika ni huu: mechi ndogo, saa moja kabla. Mechi kubwa, saa mbili na nusu au zaidi. Na hapo ndipo unaona kwa nini nakataza mechi kubwa kwa wadogo. Saa mbili na nusu za kusubiri juani, ongeza mbili za mchezo, ni karibu siku ya shule. Ukifika mapema unamchosha, ukichelewa unamwingiza kwenye msongamano. Njia ya katikati haipo.

Ukiwa na bajaji yako ya siku zote, mpange dereva tangu asubuhi: saa ya kuwachukua, bei ya kurudi, na mahali. Usimwambie "nje ya uwanja". Mtaje mahali pa mtaa wa pili au wa tatu, penye kitu cha kutambulika. Sisi hupenda kutembea taratibu kuelekea Nyerere Square, tunamkuta huko. Mpange kwa mdomo kabla, maana watu wakijaa uwanjani mtandao huwa mzito na simu zinakatika.

## Hatua ya 6: Getini

Ukisoma hatua moja tu, soma hii.

Usiende moja kwa moja kwenye foleni. Simama pembeni, mbali kidogo, uitazame kwa dakika mbili. Je, watu wanasogea hatua kwa hatua, au wametuama kisha wanasukumwa mara moja? Foleni inayosogea, ingia. Foleni inayosukumwa, subiri, au tafuta geti jingine. Kukosa dakika kumi za mwanzo ni hasara ndogo sana.

Ukiingia kwenye foleni, mtoto awe mbele yako. Wengi humshika mkono na kumvuta nyuma, na hapo mtu mmoja akipita katikati yenu mkono unaachia. Mweke mbele ya tumbo lako, mikono yako miwili mabegani mwake, viwiko vimetanuka kidogo. Wewe ndio ukuta wake. Kumbeba mabegani acha, kwa sababu ukijikwaa anaanguka kutoka juu. Kama ni mdogo wa kubebeka, mbebe kifuani.

Tiketi iwe tayari mkononi. Kutafuta tiketi kwenye mkoba huku umemshika mtoto ndiyo sekunde ambayo watoto hupotea.

Onyo. Ukihisi huwezi tena kuinua mkono kufika kifuani, au miguu inasogezwa bila wewe kuamua, msongamano umeshakuwa wa hatari. Mbebe mtoto kifuani, mikono yako iwe mbele ya kifua ili upate nafasi ya kuvuta pumzi, kisha toka kwa mshazari kuelekea pembeni, kidogokidogo kila msukumo unapolegea. Usipambane kurudi nyuma moja kwa moja. Kitu kikianguka, kiwe kiatu au simu, usiiname. Machi 2021 watu 45 walikufa kwenye msongamano Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, siku za kumuaga Rais Magufuli, na watoto walikuwemo. Hakuna aliyekwenda pale akidhani kuaga kunaua.

Ukaguzi wenyewe usimtishe mtoto. Mwambie mapema askari au mlinzi atawapapasa na kuangalia mkoba, na wewe ndiye utakayeanza, yeye atazame.

Utajua umefanikiwa mkifika ndani mtoto hajakaza vidole kwenye nguo yako.

## Hatua ya 7: Kukaa

Ukifika ndani, kabla ya kukaa, mwonyeshe mtoto mambo matatu kwa kidole: geti mliloingilia, choo, na mahali pa kukutania mkipotezana. Mahali hapo pawe kitu kisichohama. Muuza maji anahama. Nguzo haihami.

Kaa pembeni, karibu na njia, sio katikati ya safu. Mtoto atataka choo. Ukiwa katikati utawainua watu kumi na tano, na kumi wao watakuwa na la kusema.

Kaa mbali na spika na mbali na kundi la ngoma na vuvuzela. Kelele za kukaa nazo muda mrefu zikizidi desibeli 85 zinaweza kuumiza masikio, na vuvuzela ikipigwa jirani inapita hapo kwa mbali. Mtoto hasemi "masikio yanauma", anakuwa mkorofi tu au analala. Kikinga masikio avae kuanzia mwanzo, asisubiri kulia. Kaa mbali pia na wenye vinywaji. Wanaanza wakiwa wacheshi, na dakika ya sabini timu yao imefungwa.

Matusi utayasikia popote utakapokaa. Mimi huwaambia wangu: hayo ni maneno ya uwanjani, yanabaki uwanjani kama maganda ya karanga. Mkubwa aliwahi kuniuliza kwa nini baba mmoja mwenye mvi anamtukana refa wakati refa hamsikii. Sikuwa na jibu, na yule baba alitusikia. Akanyamaza mpaka mapumziko.

## Hatua ya 8: Kipindi cha kwanza

Dakika ishirini za mwanzo zinajiendesha. Tatizo ni kuanzia ya ishirini hadi ya arobaini, pale mpira unapopigwa katikati tu na mtoto anaanza kuhesabu vifuniko chini ya miguu.

Mpe kazi. Ahesabu kona za kila timu kwa kuhamisha karanga kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Amwangalie kipa peke yake kwa dakika tano: anafanya nini mpira ukiwa mbali? Hilo kwenye televisheni halionekani kabisa, na watoto hulipenda, kwa sababu kipa hatulii, anaongea peke yake, anapiga nguzo kwa kiatu. Waangalie wachezaji wa akiba wakipasha misuli pembeni. Waangalie watoto wanaookota mipira, ambao wana umri wa kaka zake. Wangu wa pili sasa anaijua kazi hiyo kuliko majina ya wachezaji.

Wewe simu weka mfukoni. Picha mbili zinatosha.

Na jihadhari na wewe mwenyewe. Goli likiingia utaruka, ni haki yako, lakini uruke ukiwa umemshika. Kila mtu ataruka, na mtoto yuko chini ya usawa wa viwiko vyote hivyo.

## Hatua ya 9: Mapumziko na choo

Usiende choo kipenga kikilia, uwanja mzima unakwenda. Nenda dakika ya arobaini, au subiri kipindi cha pili kianze.

Usimtume peke yake, hata awe na miaka tisa. Mama mwenye mtoto wa kiume mdogo ingia naye kwa wanawake, hakuna atakayekushangaa. Baba mwenye binti ndiye mwenye mtihani. Ukiweza, kwenda na ndugu wa kike au na mama mwenye watoto wake ni bora. Ukiwa peke yako, mwombe mama mwenye watoto aliyepo mlangoni amtazame, wewe simama palepale mnaongea kwa sauti. Tishu na sabuni unavyo mkobani, maana hujui utakuta nini.

Mapumziko ndiyo saa ya maji na kile kitu cha pili. Ni saa ya uamuzi pia. Muulize, "Tubaki au twende?" na umaanishe. Akisema twende, nendeni. Najua inauma, hasa ikiwa bila bila na timu yako imeanza kuamka. Lakini mtoto uliyemlazimisha kipindi cha pili hutamwona uwanjani tena kwa mwaka mzima.

## Hatua ya 10: Kutoka

Kuna nyakati mbili tu za kutoka na mtoto: dakika ya themanini, au nusu saa baada ya kipenga cha mwisho. Katikati ya hapo ni foleni ya getini ileile, safari hii imegeuka, imechoka, na nusu yake imekasirika.

Mimi kwenye mechi ndogo hubaki. Uwanja ukianza kupungua watoto wanashuka ngazi kwa amani, wanawaona wachezaji wakitoka, wanaokota kumbukumbu zao. Mechi kubwa, au mechi inayochelewa kuisha jua likiwa limeshuka, natoka dakika ya themanini na silaumu mtu nikisikia kelele za goli nyuma yangu. Imenitokea mara mbili.

Ukitoka nje usisimame kutafuta bajaji hapohapo. Bei imepanda na kila mtu anang'ang'ania ileile. Tembeeni hadi mlipokubaliana na dereva. Vuka barabara ukiwa umemshika mkono upande wa mbali na magari, bodaboda siku hiyo hazina upande.

## Akipotea

Usikimbie. Simama ulipo, angalia kwanza mita kumi kila upande, maana mara nyingi yuko chini ya usawa wa macho yako, anachungulia kitu. Mmoja wenu abaki kwenye kiti, mwingine aende mahali pa kukutania. Ikipita dakika tano, nenda kwa askari aliye karibu, mwonyeshe ile picha, taja kofia kwanza kisha jina. Omba watangaze kwenye spika majina yako mawili. Mwambie askari wa getini asimruhusu mtoto wa namna hiyo kutoka na mtu.

Namba ya dharura ya polisi ni 112. Ya huduma ya simu kwa mtoto ni 116, ukiona mtoto wa mwenzako yuko mikononi mwa mtu usiyemwelewa.

Mtoto naye awe ameambiwa: ukipotea, simama, usinitafute. Mwendee askari mwenye sare au mama mwenye watoto, mwonyeshe mkono wako. Tumelifanyia mazoezi hili sokoni Majengo, wa kwangu akijificha nyuma ya magunia ya vitunguu, na muuza vitunguu akatusaidia kucheka.

## Kesho yake

Maka peni haitoki kwa maji. Paka mafuta ya kula kidogo, sugua kwa kitambaa, kisha sabuni.

Usimuulize kama alifurahi, atakujibu ndiyo. Muulize alichokiona. Wa kwangu, baada ya mechi yake ya kwanza kuimaliza, hakutaja goli hata moja kati ya matatu. Alizungumzia mbwa aliyepita nyuma ya goli dakika ya hamsini, na kipa aliyemfukuza kwa glavu. Siku nne baadaye akauliza Walima Zabibu wanacheza lini tena. Asipouliza wiki mbili, usimkumbushe. Ruka mechi mbili, kisha mnunulie karanga siku ya Jumamosi na umwache akae jirani na wewe wakati unasikiliza redio.